Kubebesha Michungwa Iliyotoka Maabara: Maneno Tuliyowapa Ndugu Zetu wa Olbalbal na Karatu

(Haya ni maneno ya kitengo chetu cha miti ya matunda kwa wajumbe wa vikundi kutoka kata ya Olbalbal na wenzao wa Karatu. Tumeyaacha kama yalivyosemwa.)



Kabla ya kushika kisu hatuna budi kujibu swali la asubuhi. Mzee mmoja wa Olbalbal ametuuliza kwa upole, lakini bila kuzunguka: ninyi mnatufundisha miti, na kwetu kulima ni kosa, mchungwa huo tutaupanda mgongoni mwa ng'ombe? Watu wamecheka, nasi tumecheka, ila swali ni la haki na linastahili jibu.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa tena kwa kiasi kidogo mwaka 1992, na mwaka 2009 marufuku ikarudi. Hatukuja kumshawishi mtu achimbe shimo la mchungwa Olbalbal. Tena hata kama sheria ingeruhusu, bonde lile ambako mto wa Oldupai unakwenda kuishia ni kavu mno, na upepo wake mnaujua kuliko sisi. Mchungwa usiomwagiliwa hauwezi kupona pale.

Lakini wengi wenu mna shamba, au mna ndugu mwenye shamba, nje ya hifadhi: Rhotia, Mbulumbulu, Mang'ola, au hapa hapa pembeni mwa mji wa Karatu. Wengine mna watoto na ndugu Msomera, wilayani Handeni, ambako familia kutoka Ngorongoro zilianza kupelekwa mwezi Juni 2022. Juu ya kuhama huko yapo maneno mengi na uchungu mwingi, na kikao hiki si mahali pa kuyamaliza. Sisi tunatazama jambo moja tu. Watu wanakwenda na kurudi. Anayerudi kutoka mkoa wa Tanga, nchi ya machungwa ya Muheza, huona miche mizuri barabarani na kumletea shemeji yake wa Karatu miwili, mitatu, ndani ya buti la basi. Ninyi wa Olbalbal ndio mnaoziunganisha nchi hizi mbili. Ndiyo maana tulisisitiza muwepo, hata kama hamna shimo la kuchimba nyumbani.

Ninyi ni wafugaji, kwa hiyo tutaanza na kupe.

Mnajua ndigana kali. Kupe anamnyonya ng'ombe mgonjwa, kisha anapanda juu ya ndama mzima, na ndama anaumwa. Michungwa nayo ina ndigana yake. Wataalamu huiita kwa Kichina huanglongbing, maana yake ugonjwa wa chipukizi za manjano. Leo tutauita ugonjwa wa manjano ili tusiumane ulimi. Bakteria wake wanaishi ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mti, na kupe wake ni mdudu mdogo arukaye, mwenye urefu wa milimita tatu hivi, anayefyonza majani machanga. Kwa ndigana mna chanjo, na mna sindano ukiwahi. Kwa ugonjwa wa manjano hakuna chanjo, na hakuna dawa ya kuuponya mti. Mti huchakaa, matunda hubaki madogo na yamepinda upande mmoja, kitako chake kinakataa kuiva, na ukionja ni machungu. Baada ya miaka kadhaa mti hauna faida isipokuwa kuni.

Afrika ina aina yake ya ugonjwa huu, inayopenda baridi ya milimani. Mdudu wake huacha vipele juu ya jani, na ukiligeuza utaona vishimo anamokaa mtoto wake. Watafiti waliandika mwaka 1992 kwamba ugonjwa umeonekana Tanzania. Kisha mwaka 2016 wakachapisha habari nyingine, kwamba mdudu wa pili, mwenye asili ya Asia, naye amefika nchini, na huyu anavumilia joto. Sasa pimeni wenyewe. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inamfaa mdudu wa kwanza. Nchi za chini za Tanga zinamfaa wa pili. Tukibeba miche ovyo kati ya sehemu hizi mbili, tunawakutanisha wageni ambao hawakualikana.

Kama mnadhani tunatia chumvi, tazameni Florida, Marekani. Msimu wa 2003/04 walivuna masanduku ya machungwa kama milioni 242. Ugonjwa wa manjano uligunduliwa huko mwaka 2005. Msimu wa 2022/23 walivuna chini ya masanduku milioni 20. Vimbunga vilichangia, na mashamba mengine yalijengwa nyumba, lakini mkulima yeyote wa kule atakuambia ni nini hasa kilichomwangusha. Watu wale wana fedha, wana vyuo vikuu, wana ndege za kunyunyizia dawa.

Kuutambua si rahisi, maana mti wenye njaa ya zinki nao huwa na manjano. Njia moja ya kutenganisha ni hii. Chuma jani, likunje kwenye mshipa wa katikati, ulinganishe upande wa kushoto na wa kulia. Njaa ya zinki kwa kawaida huchora pande zote mbili sawasawa, kama mistari ya punda milia. Ugonjwa wa manjano huchora mabaka yasiyofanana: kushoto pana doa kubwa, kulia pana kijani. Jani moja halitoshi kuhukumu mti, ila linatosha kukuzuia usichukue kikonyo hapo.

Na hapo kwenye kikonyo ndipo penye hatari kubwa kuliko mdudu. Kubebesha, kama wakulima wa Karatu mnavyojua, ni kuchukua jicho au kikonyo cha mti mzuri na kukiunga juu ya mche wa shina, yaani mche wenye mizizi ulioota kwa mbegu. Mti unaotoa kikonyo ukiwa mgonjwa, miche inayotoka kwake yaweza kuwa migonjwa. Mti waweza kubeba ugonjwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na bado unang'aa majani. Mwenye kitalu anakata vikonyo mia kwa furaha, na anauza mia kwa nia njema kabisa. Mdudu angehitaji miaka kufanya kazi ambayo wembe umeifanya asubuhi moja.

Mama mmoja ameuliza, basi kwa nini tusipande mbegu tu, tuachane na vikonyo? Ni swali zuri, na jibu lake si la kumnyamazisha mtu. Mbegu ya mchungwa mara nyingi huota mche unaofanana kabisa na mama yake, na magonjwa mengi ya virusi hayapiti kwenye mbegu. Lakini mche huo ni mtoto kweli kweli. Una miiba mirefu, unarefuka kwenda juu, na utasubiri miaka saba au zaidi kabla ya kuonja tunda. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mwenye subira na ardhi kubwa apande mbegu. Wengi wetu hatuna hata kimoja.

Swali basi ni hili: tutapataje kikonyo kilichokomaa kama cha mti mkubwa, na safi kama mbegu? Hapo ndipo maabara inapoingia. Neno tishu si geni kwenu. Wengi mmeona migomba ya tishu ikiuzwa Arusha. Kwa machungwa kazi ni tofauti kidogo, na tungependa muijue, ili mtu akija kuwauzia mche kwa jina hilo mjue cha kumuuliza.

Kwenye ncha kabisa ya chipukizi, pale majani yanapozaliwa, pana sehemu ndogo mno ambayo virusi na bakteria kwa kawaida hawajaifikia. Ukubwa wake ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Huioni bila hadubini. Mwaka 1972 Toshio Murashige na wenzake huko California walionyesha kwamba ncha hiyo yaweza kukatwa na kubebeshwa juu ya kimche kilichoota ndani ya chupa, na mwaka 1975 Luis Navarro, Chester Roistacher na Murashige wakaiboresha njia hiyo mpaka ikawa ya kutegemewa. Mbegu ya shina humenywa, huoshwa kwa dawa, huoteshwa gizani ndani ya chupa kwa wiki mbili hivi mpaka inatoa kijishina cheupe kama uzi. Kinakatwa kichwa, kinachanjwa alama ndogo kama herufi T iliyopinduliwa, na ile ncha inawekwa hapo. Hakuna kamba wala utepe. Inakaa tu, na ikishika, inatoa majani baada ya wiki tano au sita. Mara nyingi kati ya kumi hushika mitatu hadi mitano. Hispania, ambako virusi vya tristeza vilipiga michungwa ya Valencia mwaka 1957 na baadaye kuua mamilioni ya miti, walijenga upya kilimo chao cha machungwa kwa miche iliyosafishwa kwa njia hiyo.

Kazi hiyo si ya kijijini, na hatupendi mipango inayoahidi kila kata maabara. Vumbi moja likiingia ndani ya chupa, ukungu unameza kila kitu. Kazi ya kijijini inaanza chupa inapofunguliwa. Na hapa ndipo miche mingi hufa, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda.

Mche wa chupani ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya chumba chenye mvuke. Hajawahi kuona upepo. Jani lake halina ile nta inayozuia maji kutoka, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kufunga. Mizizi yake imezoea maji yenye sukari. Ukiutoa na kuupanda kwenye kiriba, hata ukiwa hapa Karatu penye umande, waweza kunyauka kabla ya jioni. Ikiwa utapona kwa kufunikwa nailoni na kunyunyiziwa maji, utakaa miezi mingi bila kusogea, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Tumeona watu wakiukata tamaa na kuutupa, na mche wenyewe ulikuwa haujafa.

Njia iliyo bora ni kuupa mizizi ya mwenzake. Mche wa chupani unabebeshwa mara ya pili, juu ya mche wa shina ulio na nguvu, uliokwisha kuota kitaluni. Mizizi mikubwa inausukumia maji na chakula, nao hauna kazi nyingine ila kutoa majani mapya yanayolijua jua. Ule uliokuwa hausogei kwa miezi huchipua baada ya wiki chache.

Shina gani? Kwa huku kwetu tunapendekeza limau lile lenye ngozi ya makunyanzi. Linaota upesi, mizizi yake inakwenda chini, linavumilia ukame. Tusifiche kasoro zake: tunda la mchungwa uliobebeshwa juu yake huwa na maji mengi kuliko utamu, na gome lake huoza upesi mahali maji yanaposimama. Mdanzi una gome gumu zaidi, na kwingine duniani ulipendwa sana. Lakini mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi hufa tristeza ikifika, na tristeza ipo Afrika Mashariki, inabebwa na vidukari. Kwa hiyo mdanzi hapana. Na kwa ndugu wa Mang'ola: karibu na ziwa udongo una magadi, pimeni kwanza kabla ya kutumia fedha.

Mche wa shina uwe na unene wa penseli. Umwagilie vizuri siku mbili kabla, ili gome liachie mti kwa urahisi. Wembe uwe mpya. Uuchovye kwenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, kila unapohama mche mmoja kwenda mwingine. Wengi hutumia spiriti au kupitisha kisu kwenye moto, na hiyo ni bora kuliko kutofanya kitu, lakini kuna vimelea vya michungwa vinavyosafiri kwenye kisu ambavyo spiriti na moto wa haraka haviviui. Jiki inaviua. Pia inakula chuma, kwa hiyo osha kisu chako kwa maji jioni na kukipaka mafuta.

Pima sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Usishuke chini ya hapo, maana ndipo tope la mvua linaporukia, na mchungwa ukirukiwa na tope mahali pa kiungo utaoza gome. Chanja T iliyopinduliwa, mkato wa wima wa sentimita moja na nusu, kisha mkato mfupi wa kulala chini yake. Fungua gome taratibu kwa ncha ya wembe. Ile sehemu laini yenye utelezi kati ya gome na mti ndiyo inayounga. Kubebesha kote, kwa mwembe, kwa mparachichi, kwa mchungwa, ni kukutanisha utelezi wa huyu na utelezi wa yule. Ukikutanisha gome na mti, umefunga kamba tu.

Sasa, wakati shina limeshafunguliwa na wala si kabla, toa mche wa chupani. Usiutoe nje kwenye upepo. Fanya ndani ya chumba, mwenzako ameshika kitambaa chenye maji. Suuza ile jeli. Mizizi kata, tupa. Kijishina kilichobaki kichonge pande mbili kama kabari, kwa mkato mmoja kila upande, usirudierudie. Kiingize chini ya gome kutoka chini kwenda juu mpaka kishike. Funga kwa utepe laini wa nailoni, usikaze kama unafunga mzigo wa punda. Shina hili la chupani ni jembamba mno, na mkono wa kwanza huwa mzito. Msifadhaike mkiharibu ya kwanza. Ndiyo maana leo mtafanya mazoezi kwa vichipukizi vya limau vya kawaida, sio kwa mche wenyewe.

Ukimaliza, funika sehemu yote kwa kifuko cha nailoni kinachopitisha mwanga, ufunge mdomo wake chini ya kiungo. Weka kivulini. Jua likipiga kifuko hicho kwa saa moja umechemsha mche wako. Siku ya nane au ya kumi kata kona moja ya kifuko ili hewa ianze kuingia, baada ya siku tatu nne kata kona ya pili, kisha uondoe. Ni kama mnavyomwachisha ndama maziwa: ukimwachisha siku moja, anakonda.

Kichwa cha mche wa shina usikikate siku ileile. Kiiname, ukikunje na kukifunga upande, majani yake yaendelee kulisha mizizi. Kikonyo kikirefuka kama kiganja ndipo ukate kichwa, juu kidogo ya kiungo. Na kila wiki pitisha vidole chini ya kiungo kung'oa machipukizi ya shina. Haya ni wezi. Yana nguvu kuliko mgeni wenu, na ukisafiri mwezi mmoja utarudi ukute limau lenye miiba limemeza mchungwa wako. Kama una shaka, fikicha jani unuse: la limau harufu yake haidanganyi.

Hapo mmepata mche mmoja. Msiuze. Huu ni mti mama.

Tunaona baadhi yenu mnashangaa, maana mlidhani kila mtu atarudi na mche wa maabara. Haitawezekana, na haina haja. Mti mama mmoja uliokua vizuri unatoa macho mengi kila mwaka, na hayo yanabebeshwa kwa njia ya kawaida ambayo mafundi wa Karatu wanaijua usingizini. Faida yote ya maabara imo katika miti michache hiyo. Kwa sababu hiyo ndiyo inayohitaji ulinzi kama mnaowapa ndama usiku wa fisi. Ikae ndani ya banda la wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua, lenye milango miwili, ili unapofungua wa pili wa kwanza umeshafungwa. (Vyandarua vya malaria vibaki vitandani, matundu yake vidukari wanapita.) Na ipimwe. Usafi hauonekani kwa macho, hata mche wa chupani unaweza kuwa umebaki na ugonjwa, na mwenye kuuza asiyeweza kuonyesha karatasi ya kipimo anauza matumaini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako Arusha, na kituo cha utafiti cha TARI Tengeru kiko pia huko Arusha. Kaulizeni huko kabla ya kununua.

Kuna kipimo kimoja mnachoweza kukifanya wenyewe, kwa tristeza tu. Otesha mndimu kwa mbegu, ule wa ndimu ndogo za kukamulia. Bandika kwenye shina lake kipande cha gome la mti unaoutilia shaka, ukifunge. Baada ya majuma kadhaa tazama majani mapya ya mndimu ukiyaelekeza kwenye mwanga. Ukiona mishipa ina vipande vyeupe vya kukatikakatika, mti ule una tristeza. Kwa ugonjwa wa manjano hamna njia ya mkato namna hiyo. Ni maabara tu.

Limebaki jambo ambalo wazee wameligusa wakati wa chai, nalo ni zito. Banda litakuwa Karatu, kwenye ardhi ya kikundi cha Karatu. Wa Olbalbal wamechangia, lakini hawana ardhi hapa. Je, kesho wataambiwa miti si yao? Hatutaki kulipita. Ninyi Wamaasai mna desturi ya kumpa rafiki ng'ombe akuchungie, na Wairaqw wa Karatu nao wanayo ya kwao. Maziwa ni ya anayechunga, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na kila mtu kijijini anajua. Tunashauri iwe hivyo. Kila mti mama upewe namba, iandikwe ni wa nani, na mwenye mti apate sehemu yake ya macho kila msimu, apeleke kwa ndugu yake Rhotia au popote ndani ya wilaya. Ila akitaka kupeleka Msomera, au kuleta kutoka huko, asibebe mfukoni. Apite kwa mkaguzi wa mimea. Sheria hii inawabana pia wenye banda, na inatubana sisi; gari letu nalo likaguliwe.

Kijana pale nyuma ameuliza kuhusu mbuzi. Ndiyo, mbuzi atakula mche wa kubebeshwa mbele ya mche wowote mwingine. Zungushieni miiba.

Tutatoka nje sasa. Kwenye gunia lililo mlangoni kuna malimau. Kila kikundi kichukue kumi. Mbegu zake zitolewe na zipandwe kesho au keshokutwa, zingali mbichi. Msizianike juani kama mahindi, maana mbegu ya limau ikikauka haioti.